Jinsi ya Kusoma Mabishano ya Wanazuoni wa Sheria Kuhusu Hakimiliki, Hataza na Intaneti

Kazi yangu ni kufupisha. Napewa makala ya sheria yenye kurasa sabini na tanbihi mia tatu, nami natakiwa nirudishe kurasa mbili ambazo mtu mwenye haraka atazisoma akaelewa nani anabishana na nani, na kwa nini. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tano, na makala nyingi zilizopita mikononi mwangu zilihusu miliki ubunifu na sera za intaneti.

Katika mwaka wa pili niliandika muhtasari kuhusu muda wa hakimiliki. Niliupanga kwa uangalifu: wanaotaka ulinzi mrefu huku, wanaotaka mfupi kule. Mkuu wangu wa kazi aliusoma nikiwa nimesimama mbele yake, akachukua kalamu nyekundu, akaandika neno lilelile pembeni mwa kila aya: "Swali?" Nilikaa na karatasi ile siku nzima nisielewe ananidai nini. Jioni nikamrudia. Akaniambia, "Umeniorodheshea majibu. Hujaniambia kila mmoja alikuwa anajibu nini."

Yote nitakayokueleza hapa yametoka kwenye neno lile. Namwandikia mwanafunzi, mwandishi wa habari, mtunga programu au msanii ambaye amejaribu kufuatilia mabishano haya akaona kila mwandishi aliyemsoma mwisho ndiye anayeonekana kuwa na haki.

Igawe karatasi kabla hujaifungua makala

Chora safu tatu. Ya kwanza iite "Sheria inasemaje?" Ya pili, "Sheria ingefaa isemeje?" Ya tatu, "Hutokea nini hasa?" Kila hoja utakayokutana nayo itie kwenye safu yake, pamoja na jina la mwenye hoja na namba ya ukurasa. Fanya hivyo hata kama unaona ni kazi ya kitoto. Baada ya kurasa kumi utaanza kuona kwamba watu wawili uliodhani wanapigana wala hawajakutana.

Kesi niliyojifunzia ni ya Eldred dhidi ya Ashcroft, na bado ndiyo ninayompa kila anayeanza.

Mwaka 1998 Bunge la Marekani liliongeza miaka 20 kwenye muda wa hakimiliki. Kazi ya mtunzi binafsi, iliyokuwa ikilindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, sasa ikalindwa hadi miaka 70 baada ya kifo. Kazi zinazomilikiwa na kampuni zilizoagiza zitungwe zikatoka miaka 75 hadi 95. Nyongeza hiyo haikuishia kwenye kazi mpya. Iligusa na zile zilizokwisha kutungwa, hata za watunzi waliokwisha kuzikwa. Eric Eldred, aliyekuwa akiweka kwenye intaneti vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, akaipinga sheria hiyo mahakamani. Mbele ya Mahakama ya Juu alitetewa na profesa wa sheria, Lawrence Lessig. Wachumi 17 waliwasilisha hoja zao kwa maandishi kama marafiki wa mahakama, yaani watu wasio upande wowote wa kesi wanaoisaidia mahakama kwa hoja, na watano kati yao walikuwa na Tuzo ya Nobel. Ndani ya orodha hiyo walikuwamo Milton Friedman na Kenneth Arrow, watu ambao kwenye mambo mengi ya uchumi hawakuwa kambi moja.

Hoja ya wachumi ni ya hesabu, na inafaa uifanye mwenyewe kwa kikokotoo. Fedha itakayokuja baadaye sana ina thamani ndogo leo. Chukua 100 itakayolipwa baada ya miaka 75, kwa riba ya asilimia 7 kwa mwaka. Thamani yake leo haifiki hata 1. Kwa hiyo, walisema, miaka 20 inayoongezwa mwishoni kabisa inamwongezea mtunzi wa kazi mpya chini ya asilimia 1 ya thamani ya leo ya malipo yake. Na kwa kazi zilizokwisha kutungwa, hakuna motisha inayoweza kumfanya mtu atunge kilichokwisha tungwa.

Tarehe 15 Januari 2003 majaji saba dhidi ya wawili waliamua kwamba Eldred ameshindwa.

Katika muhtasari ule wa kwanza niliandika kwamba mahakama iliikataa hoja ya wachumi. Nilikosea, na kosa hilo naliona mpaka leo kwenye kazi za watu wengi. Hukumu ya walio wengi, iliyoandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg, ilijibu swali jingine kabisa: je, Katiba inalipatia Bunge mamlaka ya kuongeza muda huo? Katiba inataka ulinzi uwe wa muda wenye kikomo. Kikomo kikisogezwa mbele, mahakama iliona, bado ni kikomo. Ama kuhusu busara ya kukisogeza, majaji walisema si kazi yao kulisahihisha Bunge. Wachumi walikuwa kwenye safu ya tatu, mahakama kwenye ya kwanza. Mtu anaweza kuwa sahihi kabisa kwenye safu yake na kesi bado ikapotea kwenye safu nyingine.

Usiiache kesi hii mapema, maana bado ina mambo.

Mmoja wa majaji wawili waliopinga alikuwa Stephen Breyer, na katika maoni yake alizitumia zile hesabu. Ukiishia hapo utaandika kwamba wachumi walimshawishi. Rudi nyuma: mwaka 1970, akiwa mwalimu wa sheria Harvard, Breyer alichapisha makala yenye mashaka makubwa juu ya sababu za kiuchumi za kuwa na hakimiliki. Alikuwa na swali hilo miaka 33 kabla ya hukumu. Ndiyo maana kabla ya kuandika kwamba fulani amebadili mawazo au ameshawishika, natafuta alichoandika katika ujana wake wa kitaaluma. Kazi hiyo huchukua dakika ishirini, nami nimewahi kuokolewa nayo zaidi ya mara moja.

Halafu mahakama ilipofunga faili, safu ya tatu iliendelea. Wachumi Stan Liebowitz na Stephen Margolis waliwajibu wale 17: huenda malipo madogo yanatosha kumsukuma mtunzi aliye ukingoni, ambaye nusura aache, na huenda mwenye haki ana sababu ya kuitunza kazi ya zamani isipotee. Hiyo ni hoja inayoweza kupimwa, na ilipimwa. Paul Heald, mwanazuoni wa sheria, alichukua sampuli ya vitabu vipya vilivyokuwa vikiuzwa Amazon, akakuta vile vilivyochapishwa mara ya kwanza katika miaka ya 1880 ni vingi kuliko vya miaka ya 1980. Vya zamani havikuwa na mwenyewe na vilipatikana. Vya karibu vilikuwa na mwenyewe na vilitoweka madukani. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote yaliyotoka kwenye mabishano haya, na linaniumiza kila nikilikumbuka, kwa sababu kitabu kisichochapwa tena wala kisichoruhusiwa kuchapwa na mwingine hakimlishi mtunzi na hakimfikii msomaji. Lakini angalia: hata ushahidi huo hausemi muda uwe miaka mingapi. Hilo ni la safu ya pili, na huko William Landes na Richard Posner walikuwa wamependekeza njia nyingine: muda mfupi, unaoweza kuhuishwa tena na tena na mwenye haki anayejali kulipia. Ukiwa na pande mbili tu kwenye karatasi, pendekezo lao halina pa kukaa.

Usianzie ukurasa wa kwanza ukaenda mpaka wa mwisho

Majarida mengi ya sheria ya Marekani huhaririwa na wanafunzi wa sheria, si kupitiwa na wataalamu wenzake mwandishi kama ilivyo kwenye sayansi. Wanafunzi hao huhakiki tanbihi kwa bidii ya kushangaza, neno kwa neno. Kama hoja yenyewe ni imara, hilo mara nyingi huachiwa msomaji. Kwa hiyo usiichukue makala kuwa imethibitishwa kwa sababu tu imechapishwa mahali penye jina.

Mimi husoma tanbihi ya kwanza, ile yenye nyota, ambamo mwandishi huwashukuru waliomsomea rasimu na kutaja aliyemfadhili au aliyewahi kumwakilisha kama wakili. Kisha utangulizi wote, kwa sababu humo hoja nzima husemwa. Kisha naruka hadi sehemu ya pingamizi, ambayo kwa kawaida iko karibu na mwisho. Huko ndiko mwandishi hukubali asichoweza kukikataa. Sentensi hizo nazipigia mstari wa kijani. Ukizikusanya za kijani kutoka kwa waandishi watatu wanaopingana, unapata orodha ya mambo ambayo wote wanayakubali, na orodha hiyo huwa ndefu kuliko ulivyotarajia. Iandike juu kabisa ya muhtasari wako.

Kuna hatari moja. Niliwahi kuinukuu sentensi ya kijani kana kwamba ndiyo msimamo wa mwandishi. Ilikuwa sentensi ya "ni kweli kwamba", na "lakini" yake ilikuwa ukurasa wa pili, sikuifikia. Mwandishi mwenyewe aliandika kulalamika, kwa upole, na alikuwa na haki. Tangu siku hiyo kila ninapokuta "ni kweli kwamba" sinyanyui kalamu mpaka niione "lakini" iko wapi.

Chagua neno moja ulifuate

Mabishano ya hakimiliki hukaa muda mrefu ndani ya maneno machache. Neno la kufuata kuhusu matumizi ya haki, yaani kutumia kazi ya mtu bila ruhusa pale sheria inapoachilia, ni "kugeuza": je, aliyetumia ameigeuza kazi ya awali kuwa na lengo au maana nyingine? Neno hilo halimo kwenye kifungu cha sheria ya Marekani. Liliingizwa na Pierre Leval, jaji, katika makala aliyoandika mwaka 1990 kwenye jarida la sheria. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ililichukua katika kesi ya wimbo wa dhihaka, Campbell dhidi ya Acuff-Rose, na likaenea mahakamani. Mwaka 2021 lilisaidia Google kuishinda Oracle kuhusu mistari kama 11,500 ya msimbo wa programu. Mwaka 2023, katika kesi ya picha ya mwanamuziki Prince iliyotengenezwa na msanii Andy Warhol, mahakama ileile ililipunguzia nguvu: maana mpya peke yake haitoshi ikiwa matumizi yenyewe yana lengo lilelile na ni ya kibiashara.

Yaandike matukio hayo manne kwenye mstari mmoja wenye tarehe. Ukisoma sasa mabishano kuhusu akili unde inayofunzwa kwa vitabu na picha za watu, muulize kila mwandishi: unalitumia neno hili kwa maana ya 1994 au ya 2023? Wengi hawasemi waziwazi. Ukishajua, nusu ya makala umeielewa.

Kwenye hataza, uliza ni hataza ya nini

Wako wanaochanganya hataza na hakimiliki, kwa hiyo niseme kwa ufupi: hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, na huja yenyewe kazi inapotungwa, hataza hulinda uvumbuzi, huombwa, huchunguzwa, na kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu siku ya maombi.

Mwaka 1958 mchumi Fritz Machlup aliliandikia Baraza la Seneti la Marekani ripoti ambayo wanazuoni hawaachi kuitaja. Alisema kwamba kama mfumo wa hataza usingekuwapo, kwa tunachokijua ingekuwa kukosa uangalifu kupendekeza uanzishwe. Na kwa kuwa upo muda mrefu, ni kukosa uangalifu vilevile kupendekeza ufutwe. Watu huisoma kama kukwepa. Mimi naisoma kama mtu anayekuonyesha kwa unyofu safu ya tatu ikiwa tupu, na kukataa kuijaza kwa kukisia.

Waliofuata walijaribu kuijaza. Edmund Kitch, 1977, alisema hataza ni kama haki ya kuchimba madini: ukimpa mmoja eneo mapema, ataratibu uchimbaji na nguvu hazitapotea kwa watu kugongana. Michael Heller na Rebecca Eisenberg, 1998, waliona tishio la kinyume katika utafiti wa tiba: vipande vikimilikiwa na watu wengi mno, kila mmoja anaweza kusema hapana, na dawa haitengenezwi. Hoja yao ilienea sana. Baadaye tafiti zilizowahoji wanasayansi wenyewe zilikuta ni wachache mno walioacha mradi kwa sababu ya hataza ya mtu mwingine, na moja ya sababu ni kwamba wengi hawakuangalia kama hataza ipo. Sasa hiyo uiweke wapi? Inapunguza hofu ya Heller na Eisenberg kuhusu maabara. Haisemi lolote kuhusu kampuni yenye mawakili wanaoangalia.

Ndiyo sababu nasisitiza kuuliza ni hataza ya nini. Molekuli ya dawa ni kitu kimoja chenye mipaka inayoonekana. Ukiichukua unajua umeichukua. Hataza ya programu huweza kuandikwa kwa maneno mapana hata mtunga programu asijue amevuka mpaka. Mahakama ya Juu yenyewe ilitofautisha: mwaka 2013, kwa kauli moja, ilisema DNA ya asili iliyotengwa tu kutoka mwilini haiwezi kuwekewa hataza, ila ile iliyoundwa maabara yaweza. Mwaka 2014, katika kesi ya Alice, ikasema wazo la jumla haligeuki kuwa uvumbuzi kwa sababu tu limeendeshwa na kompyuta. Makala inayosema hataza "zinasaidia" au "zinadhuru" bila kutaja tasnia, irudishe kabatini kwanza.

Kwenye intaneti, ongeza safu ya nne

Sikuijua safu hii kwa miaka mingi. Inauliza: nani aamue?

Mwaka 1996 Frank Easterbrook, jaji na mwalimu, aliwaambia wanazuoni waliokusanyika kuzungumzia sheria ya intaneti kwamba hakuna haja ya somo hilo, kama isivyokuwepo haja ya somo la "sheria ya farasi". Farasi huuzwa, hupiga watu mateke, hutibiwa. Kwa kila jambo sheria za kawaida za mauzo, madhara na utabibu zinatosha. Lessig alimjibu mwaka 1999: kwenye intaneti msimbo wenyewe hutawala. Aliyebuni programu ameshaamua unachoweza kunakili, kuficha au kuona, kabla hakimu hajaamka. Kwa hiyo orodha ya waamuzi ni ndefu: bunge, mahakama, tume ya serikali, kampuni, mhandisi. Anayetetea hoja ya intaneti bila kusema anamkabidhi nani uamuzi, hajamaliza kutetea.

Jaribu kwenye kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano ya Marekani, kilichopitishwa mwaka 1996. Kiini chake ni maneno 26 ya Kiingereza: jukwaa la mtandaoni halihesabiwi kuwa mchapishaji wa kilichoandikwa na mtu mwingine. Mwaka mmoja kabla yake, mahakama ya New York ilikuwa imeihesabu huduma ya mtandaoni ya Prodigy kuwa mchapishaji kwa sababu ilijitahidi kusafisha maandishi ya watumiaji. Asiyesafisha angekuwa salama zaidi. Leo mwanazuoni wa sheria Danielle Citron anataka kinga hiyo ipewe tu jukwaa linalochukua hatua za busara kuzuia madhara. Mwanazuoni mwenzake Eric Goldman anaitetea kama ilivyo. Wote wawili wanajua historia ile ile. Tofauti iko kwenye kile wanacholinganisha nacho: Citron anaipima dhidi ya mwanamke aliyedhalilishwa na akakosa wa kumshitaki, Goldman dhidi ya tovuti ndogo inayofuta kila kitu, au kufunga, kwa kuogopa kesi. Andika "ukilinganisha na nini?" chini ya kila dai lao. Na kwenye safu ya nne: neno "busara" ni hakimu atakayelijaza, kesi baada ya kesi.

Mfano wa mwisho ni usawa wa mtandao, jina ambalo Tim Wu alilitia kwenye mjadala mwaka 2003: mtoa huduma ya intaneti asibague data inayopita kwake. Christopher Yoo alimpinga, akisema mitandao tofauti ikiachwa ishindane kwa namna tofauti huenda watumiaji wakanufaika zaidi. Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliweka kanuni mwaka 2015 kwa kura 3 kwa 2, ikazifuta mwaka 2017 kwa kura 3 kwa 2, ikazirudisha mwaka 2024 kwa kura 3 kwa 2. Januari 2025 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita ikazibatilisha. Mahakama hiyo haikusema Yoo ana haki kuliko Wu. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilikuwa imeondoa desturi ya miaka 40 ya majaji kuikubali tafsiri ya tume pale sheria inapokuwa na utata, na majaji wa rufaa wakaisoma sheria wenyewe.

Karatasi yangu ya mjadala huu imechakaa kuliko zote. Safu ya kwanza nimeikata mstari na kuiandika upya mara nne, kila mara na tarehe yake. Safu ya nne ina maneno mawili ya wino mzito: "mahakama sasa". Safu ya tatu, ya nini hutokea hasa kampuni ikiachiwa ichague data ipi ipite haraka, nimeibakishia nusu ukurasa mtupu, na kila makala mpya inapofika mezani huanza kuisoma kwa kutafuta kama ina chochote cha kuandika hapo.